Wageni Wasiojulikana Kwao

Tarehe 7 Agosti 1912, mtaalamu mmoja wa Austria, Victor Hess, alipanda angani kwa puto hata akafika kimo cha mita 5,300 hivi, kupita kilele cha Mlima Kenya. Alichukua vyombo vya kupimia mionzi isiyoonekana, ambayo wengi siku zile walidhani yatoka ardhini. Kama ingalitoka ardhini, ingalizidi kupungua kadiri alivyopanda. Lakini kule juu kabisa Hess aliikuta imeongezeka. Basi ilitoka mbinguni. Je, ni ya jua? Hilo alikwisha kulijaribu: Aprili mwaka ule ule alipanda jua lilipopatwa, na mionzi haikupungua.

Leo twajua, msomaji, ya kuwa mionzi ile ni chembe ndogo mno ziipigazo hewa yetu usiku na mchana. Nyingi, yaaminiwa, hupewa mwendo na mawimbi ya nyota kubwa zilizopasuka. Lakini ziko chache zenye nguvu ya ajabu. Usiku wa tarehe 15 Oktoba 1991, huko Utah, Marekani, chembe moja ilipimwa, ikaonekana ina nguvu sawa na mpira wa tenisi uendao kilometa 150 kwa saa. Chembe moja tu! Nami niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilidhani wamekosea hesabu.

Zatoka wapi? Kuna mkasa hapa. Chembe hizi zina umeme, na nguvu za sumaku zilizoenea angani huzipinda njiani. Ukimwona mtu akitokea kichochoroni, waweza kuapa kwamba kwake ni kichochoroni humo? Hata hivyo, zile zenye nguvu nyingi hupindika kidogo. Tena haziwezi kutoka mbali mno, kwa maana mwanga hafifu uliosalia tangu mwanzo wa ulimwengu huzinyonya nguvu safarini.

Mwaka 2017 wataalamu wenye mitambo iliyotandazwa Argentina katika eneo la kilometa za mraba 3,000 walionyesha kwamba chembe kali hutoka nje ya kundi letu la nyota. Wengine wakashuku mashimo meusi makubwa yaliyomo katika makundi mengine.

Kisha, tarehe 27 Mei 2021, Utah ikapokea mgeni mwingine, karibu sawa na yule wa 1991. Wakaifuata njia yake kinyumenyume kwa hesabu, nayo ikawafikisha penye uwazi mkubwa, mahali pasipo na makundi ya nyota ila machache sana.