Filamu ya Poland na vita vilivyokataa kuisha

Mei 8, 1945, Ujerumani ilisalimu amri. Siku hiyo na usiku wake ndiyo kisa cha Popiół i diament, yaani Majivu na Almasi, filamu ya Andrzej Wajda ya mwaka wa 1958 iliyotokana na riwaya ya Jerzy Andrzejewski. Kijana Maciek, aliyepigana na Wajerumani katika jeshi la siri, ametumwa kumuua Szczuka, kiongozi wa chama cha kikomunisti. Akiwa baa, anawasha moto bilauri za pombe kali, moja baada ya nyingine, kuwakumbuka wenzake waliokufa. Szczuka anapoanguka kwa risasi, fataki za ushindi zinalipuka angani. Maciek naye anafia jaani kulipokucha.

Wajda aliyajua hayo kwa karibu. Alitumikia jeshi hilo la siri ujanani, na baba yake, afisa wa jeshi, aliuawa na Wasovieti mwaka wa 1940 katika mauaji ya Katyń. Lakini Poland ya 1958 ilikuwa chini ya kivuli cha Moscow. Wapolandi wakiuana wenyewe kwa wenyewe waliweza kuonyeshwa. Katyń ilikuwa mwiko. Mwiko vilevile zilikuwa habari za mamia ya maelfu ya raia waliosombwa kwa treni hadi Siberia na Kazakhstan kuanzia Februari 1940.

Baadhi ya watu hao waliishia Afrika Mashariki. Muungano wa Kisovieti uliposhambuliwa na Hitler mwaka wa 1941, uliwaachilia wengi. Mwaka uliofuata maelfu walivuka hadi Iran, na kutoka huko, wengi wao wanawake na watoto, wakaletwa kwa meli mpaka pwani yetu. Tengeru, karibu na Arusha, ilikuwa kambi kubwa zaidi, yenye watu karibu 5,000. Uganda ilikuwa na Masindi na Koja; Koja iko ufuoni mwa Ziwa Victoria, ziwa lile lile wanalovua watu wa Homa Bay na Migori.

Ushindi haukuwapa pa kurudi. Mkutano wa Yalta, Februari 1945, uliiacha Poland ya mashariki mikononi mwa Stalin, na huko ndiko wengi wao walikotoka. Kambi zilipofungwa, wengi walielekea Uingereza, Australia na Kanada. Baadhi ya waliofariki kambini wamezikwa Tengeru, Masindi na Koja.

Vita vilipoisha, wanaume wa South Kavirondo, wilaya iliyojumuisha Homa Bay na Migori za leo, walikuwa wakirejea kutoka vita vya Waingereza. Wanajeshi wa Afrika Mashariki walipigana Burma, wakafika mto Chindwin mwishoni mwa 1944. Familia ya Hussein Onyango Obama, mzaliwa wa Kanyadhiang karibu na Kendu Bay na babu yake Barack Obama, husimulia kwamba alifika Burma akiwa mpishi wa maofisa. Walirudi nyumbani wakakuta koloni lile lile, kipande kile kile, kodi ile ile.

Wajda alitoa filamu ya Katyń mwaka wa 2007, akiwa na miaka 81, miaka 18 baada ya utawala wa kikomunisti kuanguka. Alisubiri siasa zibadilike. Anayetaka kuwaonyesha askari hao wa South Kavirondo katika filamu hana nafasi ya kusubiri: aliyekuwa na miaka 20 mwaka wa 1945 leo angekuwa na 100 hivi. Aanze na watoto wao, ambao nao ni wazee tayari.