Kinyala haijahama, anwani ndiyo inayohama

Nilikuwa nyumbani Kinyala, Rungwe, wiki mbili za mvua na ndizi za kupika. Siku moja nilikaa na babu tukafungua sanduku lake la bati, lile la barua.

Nyingi zimetoka kwa kaka yake aliyekwenda kwenye migodi ya shaba. Za mwanzo, za miaka ya 1950, zinatoka Kitwe, Northern Rhodesia, kwenda Tukuyu, Tanganyika. Za mwishoni mwa miaka ya 1960 zinatoka Kitwe, Zambia, kwenda Tukuyu, Tanzania. Mtu ni yuleyule na nyumba ni ileile. Kilichobadilika ni kile kinachowekwa juu ya jina la mahali. Na babu yake babu angeandikiwa kutoka kwa Wajerumani, bahasha ingesema Neu-Langenburg, maana ndivyo Tukuyu ilivyoitwa wakati huo. Kyela nayo ilikuwa ndani ya Rungwe mpaka miaka ya 1970 ilipopewa wilaya yake. Mtu wa Kyela aliamka asubuhi akiwa na anwani mpya bila kuhamisha hata kuku.

Shuleni tulifundishwa viambishi awali. Basi anwani za mtandaoni nazo zina kiambishi chake, na kina historia ambayo imenigharimu.

Nianze na kilichonigharimu. Makala yangu ya kwanza yenye maana ilihusu wakulima wa chai wa kwetu. Mjomba na wenzake waliokuwa wakiomba mkopo wakaandika anwani yake kwenye barua ya maombi kama ushahidi. Miezi michache baadaye gazeti nililokuwa nikiliandikia likaongeza kurasa za Kiingereza, na makala zote za Kiswahili zikasogezwa chini ya /sw/. Ilichokuwa /makala/chai kikawa /sw/makala/chai. Afisa wa mkopo akafungua, akakuta ukurasa haupatikani. Mjomba akanipigia: "Mwanangu, mbona umetuandikia kitu ambacho hakipo?"

Nikaanza kuchimba.

Tim Berners-Lee alipowasha tovuti ya kwanza pale CERN, anwani nyingi za siku hizo zilikuwa njia ya faili tu: folda, ndani yake folda, mwisho faili. Mwaka 1993 watu wa NCSA kule Illinois wakaleta CGI, seva ikaweza kuita programu badala ya kusoma faili. Hapo ndipo swali likazaliwa: katika anwani hii ndefu, kipande kipi kinaitaja programu, na kipi ni ujumbe kwa programu yenyewe? Jibu lao bado linatumika. Waliikata anwani vipande viwili: SCRIPT_NAME, yaani mahali programu ilipowekwa, na PATH_INFO, yaani kinachobaki.

Mfikirie mtu wa posta wa Tukuyu. Gunia likishamfikia, neno Tanzania halimsaidii tena, anatafuta Kinyala. Lakini babu akijibu barua, lazima aandike yote, nchi na wilaya, la sivyo jibu la Kitwe litapotea. Kuingia unakivua kiambishi, kutoka unakivaa. Makosa mengi hutokea kwenye kutoka. Programu inapokea vizuri kabisa, halafu inachapa linki zisizo na kiambishi, msomaji anabofya na kujikuta porini.

Sasa sehemu inayonifurahisha kama mwandishi. Django, mojawapo ya fremuweki maarufu za Python, ilizaliwa ndani ya gazeti: Lawrence Journal-World la Kansas, Marekani. Adrian Holovaty na Simon Willison walianza kuijenga mwaka 2003, ikatolewa kwa umma Julai 2005. Hata hao wa magazetini hawakulipata jambo hili mara moja. Kabla ya toleo la 1.0 la Septemba 2008, ukiiweka chini ya kiambishi fulani ilikubidi ukiandike kiambishi hicho kwenye orodha yako ya njia. Ukihamishwa, unaandika upya. Toleo la 1.0 likaanza kuisoma SCRIPT_NAME ipasavyo. Machi 2012 toleo la 1.4 likaleta kiambishi cha lugha kinachobadilika kufuatana na msomaji, /sw/ au /en/, bila kuandika njia mara mbili.

Kiambishi kisichojulikana mapema ndicho chenye vituko zaidi. Ukimwambia ruta kwamba kipande cha kwanza ni jina la mji wowote, ataipokea /tukuyu/ na /kyela/, sawa. Kisha mtu anafungua /kuhusu/ na ruta, kwa utiifu wote, anakwenda kutafuta mji uitwao Kuhusu. Ruta wa aina hii husoma orodha kutoka juu na kukubali cha kwanza kinachofanana. Kwa hiyo njia zenye jina maalumu hukaa juu, na lile la "mji wowote" linasubiri chini. Au unamtajia miji inayokubalika, basi.

Gazetini kwetu hawakuwa na tatizo gumu kiasi hicho. Sheria moja tu kwenye seva, ya kuzielekeza anwani za zamani kwenye mpya kwa msimbo 301, ingetosha. Berners-Lee alishaandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri hazibadilishwi. Nilipowauliza mafundi wakanijibu wasomaji watatafuta wenyewe. Afisa wa mkopo hakutafuta.

Mjomba ameomba upya. Safari hii ameambatanisha makala yenyewe, fotokopi, aliyoitoa mjini Tukuyu karibu na stendi. Juu kwa kalamu ameandika: Kinyala, Rungwe, Mbeya, Tanzania.