Kadi Iko kwa Nani? Historia ya Kukodi na Kumiliki Chombo Kuanzia Pamba Hadi Betri

Kwenye kijiwe cha bodaboda cha Buhongwa, Mwanza, pikipiki nne zinaweza kuegeshwa sambamba, zote Boxer, zote na vumbi la njia moja, na mgeni asijue kwamba walio juu yake hawako sawa. Wa kwanza kanunua kwa fedha yake. Wa pili yuko kwenye mkataba: kila siku anapeleka hesabu kwa tajiri, na muda ukitimia pikipiki inakuwa yake. Wa tatu anapeleka hesabu vilevile, lakini hata akiendesha miaka kumi chombo kitabaki cha tajiri. Wa nne ni deiwaka, kaachiwa pikipiki kwa saa chache mwenye zamu akipumzika. Abiria wa Mkolani haoni tofauti yoyote. Tofauti imo kwenye kadi ya usajili, na kadi hiyo mara nyingi haipo kijiweni. Iko kabatini kwa mtu mwingine.

Siku hizi swali la kukodi au kununua linawasumbua hata wenye nazo wanaolitolea macho shangingi la umeme. Wanaliona jipya kwa sababu gari ni jipya. Kwa watu wa ukanda huu wa ziwa, swali lenyewe lina umri wa karibu karne moja, na kila kizazi kimelijibu kwa kutazama jambo lilelile: chombo kikilala, hasara ni ya nani?

Kizazi cha pamba kilinunua. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo mzigo wa ziwa ulitegemea meli za kwenda Kisumu na treni ya Mombasa. Pamba ilipopata njia, fedha ikaingia vijijini Usukumani, na chombo cha kwanza cha watu wa kawaida kikawa baiskeli. Haikulipwa kidogo kidogo. Mkulima wa pamba hakupata fedha kila siku wala kila mwezi. Alipata kwa mkupuo, msimu wa kuuza. Mtu wa kipato cha namna hiyo hana cha kupeleka kwa tajiri mwezi wa Januari akiwa shambani, lakini akishauza anaweza kuweka noti mezani na kuondoka na chombo.

Lori lilikuwa habari nyingine. Hakuna mkupuo wa mkulima mmoja uliolifikia. Kwa miaka mingi usafiri wa pamba na viwanda vya kuichambua vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Asia, na wakulima waliilalamikia mizani yao kuwa inapunja. Malalamiko hayo ndiyo yaliyozaa vyama. Mwaka 1952 kilikuwapo chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 likaandikishwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, likiongozwa na Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa waziri wa fedha wa Tanganyika. Shirikisho lilikua hadi likahesabiwa miongoni mwa makubwa barani Afrika, likamiliki viwanda vya kuchambulia pamba. Kati ya kukodi na kununua, wakulima walikuwa wamepata njia ya tatu: kumiliki kwa pamoja.

Njia hiyo ilifungwa mwaka 1976, serikali ilipovivunja vyama vikuu vya ushirika. Kilichofuata wengi wanakikumbuka: vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, petroli ya kusaka, spea za magendo, na marufuku ya kuendesha magari binafsi Jumapili mchana. Kumiliki gari katika miaka hiyo hakukutegemea fedha tu. Kulihitaji kibali cha fedha za kigeni.

Mlango ulifunguka mwaka 1984, serikali iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa alikozipata. Pikapu zikaanza kumiminika. Mwaka mmoja kabla, Dar es Salaam ilikuwa imewaruhusu watu binafsi kubeba abiria baada ya shirika la umma la usafiri kuzidiwa. Hapo ndipo alipopata nafasi mtu ambaye leo hakosekani katika biashara yoyote ya usafiri nchini: tajiri wa gari, asiyeendesha na asiyepanda.

Kanuni aliyoitumia ni hesabu. Tajiri ananunua Hiace iliyotumika Japani, anamkabidhi dereva, na jioni anapokea kiasi kilichopangwa. Mafuta ni ya dereva. Kinachozidi hesabu anagawana na konda. Injini ikifa, tajiri ndiye anayekwenda gereji. Ukiutazama vizuri, huu ni ukodishaji wa siku moja unaoanza upya kila alfajiri, bila karatasi wala benki. Ubaya wake unaonekana kwenye barabara ya Buhongwa kuelekea mjini, kupitia Nyegezi na Mkuyuni. Kwa kuwa hesabu haipungui mvua ikinyesha, kila tripu ya ziada ni nusura ya dereva, na resi ya daladala ina sababu yake hapo.

Ziwani mambo yalikwenda tofauti. Sangara alipogeuka bidhaa ya kwenda Ulaya, na viwanda vya minofu kuota Mwanza miaka ya 1990, mtumbwi, nyavu na mashine vilikuwa vya tajiri, lakini wavuvi hawakutoa hesabu ya kudumu. Waliuza, wakatoa gharama, wakagawana kilichobaki na mwenye chombo. Usiku usio na samaki uliwaumiza wote wawili. Viwanda navyo viliwakopesha mawakala nyavu na mashine kwa sharti la kuuziwa samaki. Mji uleule, hata ukoo uleule, uliweza kuwa na kaka anayegawana hasara ziwani na mdogo wake anayeibeba peke yake barabarani.

Bodaboda ilipoingia, iliikuta kanuni ya hesabu imeshazoeleka. Biashara yenyewe ilianzia mpakani Busia na Malaba, kati ya Kenya na Uganda, kwa baiskeli, miaka ya 1960. Tanzania iliziwekea pikipiki na bajaji za abiria kanuni za leseni mwaka 2010, wakati tayari zilikuwa zimejaa mitaani. Jipya lililoongezwa na vijana wa pikipiki ni mkataba.

Mkataba unavutia kwa sababu una mwisho. Chukua dereva anayepeleka shilingi 10,000 kwa siku sita za wiki: mwaka ukiisha ametoa 3,120,000. Dereva wa hesabu angetoa fedha hiyohiyo na kubaki na leseni yake tu. Lakini mkataba pia una makali. Matengenezo yanahamia kwa dereva tangu siku ya kwanza, huku kadi ikibaki kwa tajiri hadi siku ya mwisho. Akiugua mwezi wa kumi, anaweza kunyang'anywa chombo alichokwisha kukilipia sehemu kubwa.

Watunga sheria waliijua hatari hiyo zamani. Sheria ya Kenya ya ununuzi kwa kukodi, iliyotungwa mwaka 1968, inasema mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi kuichukua bila kwenda mahakamani. Mikataba ya vijiweni, mingi ikiwa imeandikwa kwenye karatasi moja mbele ya shahidi, haina kinga ya namna hiyo. Kampuni za mikopo zimeingia katikati, kama Watu, iliyoanzia Mombasa mwaka 2015 na kufika Tanzania. Pikipiki hufungwa kifaa cha kuifuatilia, na asiyelipa hafichiki.

Sasa imekuja betri, nayo imeligawa swali vipande viwili. Katika chombo cha umeme, betri ndiyo sehemu ya bei kubwa na ndiyo inayochoka. Kwa nini basi mtu asinunue bodi na kukodi betri? Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 kufanya hivyo: dereva anamiliki pikipiki, betri inabaki ya kampuni, na chaji ikiisha anabadilishiwa nyingine kituoni. Nairobi, BasiGo ilileta mabasi yake mawili ya kwanza ya majaribio mwaka 2022. Mwenye matatu alinunua basi, na betri pamoja na chaji akatakiwa kuzilipia kwa kilomita, kuanzia shilingi 20 za Kenya.

Wazo hilo ni la zamani kuliko reli ya Mwanza. Kampuni ya umeme ya Hartford, Marekani, kati ya miaka ya 1910 na 1924 ilihudumia malori ya umeme yaliyouzwa bila betri; mteja alilipa ada ya mwezi na malipo kwa kila maili, akabadilishiwa betri kila alipohitaji. Kwenye Ziwa Victoria lenyewe, upande wa Mbita nchini Kenya, wavuvi wa usiku walianza mwaka 2008 kukodi taa za umeme badala ya karabai: unaweka dhamana, unalipia chaji, betri si yako.

Gari la kifahari linaifuata njia hiyohiyo, ila kwa fedha nyingi zaidi. Marekani, sheria ya mwaka 2022 ilitoa nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500 kwa gari jipya la umeme, lakini ikamnyima mnunuzi wa shangingi la zaidi ya dola 80,000 na mwenye kipato kikubwa. Gari lililokodishwa halikubanwa na masharti hayo. Matajiri wakakimbilia kukodi, hadi nafuu ilipoondolewa Septemba 30, 2025. Walipata faida ya pili pia: bei ya gari lililotumika ikiporomoka, anayeumia ni mwenye kadi. Hertz, kampuni ya kukodisha magari, iliionja hasara hiyo. Januari 2024 ilitangaza kuuza magari ya umeme yapatayo 20,000, ikilalamikia gharama za matengenezo na thamani iliyokuwa ikishuka.

Mtu wa Buhongwa mwenye uwezo hana Hertz wa kumbebea mzigo huo. Tanzania ina sheria ya ukodishaji wa kifedha tangu mwaka 2008, lakini mashangingi ya umeme ya kukodi kwa mwezi si biashara iliyozoeleka Mwanza. Anayelitaka ataliagiza, atalipa ushuru na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kisha atakuwa tajiri na dereva kwa wakati mmoja. Dhamana ya betri, ambayo kwa kampuni nyingi ni miaka minane au kilomita 160,000, ina maana pale tu penye wakala na fundi wa kuitimiza. Kwa safari zake za kila siku, mjini na kurudi, au kupitia daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, chaji ya nyumbani itamtosha. Safari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100, itahitaji mpango mwingine.

Kampuni ya kwanza itakayojaribu kukodisha magari hayo jijini itakuta wateja wanaojua kuuliza. Watataka kujua betri ikishuka nguvu mwaka wa nne nani atalipia, umeme ukikatika siku mbili kama hesabu itaendelea kudaiwa, na baada ya malipo ya mwisho itachukua muda gani kadi kubadilishwa jina. Madereva wa Boxer wamekuwa wakijadili maswali ya namna hiyo na matajiri wao kwa zaidi ya miaka kumi, na majibu waliyoyapata yanaweza kuandikwa kwenye mkataba wa gari lolote.