Uchungu wa mshale: Jina na asili yake

NENO 'uchungu' linapotajwa, aghalabu msomaji hufikiria ladha ya shubiri au maumivu ya mwili na moyo. Hata hivyo, neno lilo hilo lina maana nyingine inayozidi kusahaulika, nayo ni sumu ya mti inayopakwa mshale.

Maana hii i wazi katika Kigiriama, ambapo sumu hiyo huitwa utsungu. Ikumbukwe kwamba 'ts' ya Kigiriama mara nyingi hulingana na 'ch' ya Kiswahili sanifu: matso ni macho, na mutsanga ni mchanga. Kwa hivyo, utsungu na uchungu ni neno moja. Wakamba nao huiita ivai, na mti wake kivai.

Mti wenyewe, ambao wataalamu huuita Acokanthera schimperi, ni mfupi, wenye majani magumu na maua meupe yanayonukia. Vipande vya mbao na mizizi yake huchemshwa hadi maji yakawa mazito na meusi kama lami. Mshale uliopakwa lami hiyo huviringishwa ukanda wa ngozi ili sumu isikauke wala kumdhuru mwindaji.

Sumu hii huua ikiingia katika damu, kwani huvuruga mapigo ya moyo hadi ukasimama. Tumboni hufyonzwa kwa kiasi kidogo tu. Ndiyo maana wawindaji walikata nyama iliyozunguka jeraha, wakala iliyosalia. Kwa sumu hiyo na pinde ndefu, Waata waliwaua hata ndovu.

Mnamo 1888, mwanakemia Mfaransa Arnaud alitenga kiini cha sumu hiyo. Kiini hicho huitwa ouabain (tamka 'wabaini'), jina lililotokana na neno la Kisomali waabaayo, yaani sumu ya mshale. Baadaye madaktari wa Ulaya, hasa Ujerumani, walikitumia kwa vipimo vidogo kutibu moyo.

Huku nyumbani, mbuga ya Tsavo ilianzishwa mwaka wa 1948, na ufundi wa Waata ukahesabiwa kuwa ujangili. Uwindaji ulipigwa marufuku kote nchini mwaka wa 1977. Sheria hiyo inawalinda wanyama, na hilo ni jema. Lakini marufuku ya mshale si marufuku ya neno. Kisomali kimepata nafasi katika maabara za dunia. Utsungu nao unastahili kuandikwa kabla wazee wanaoujua hawajatutoka.