Usalama wa Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Uanzie Kwenye Utoaji wa Alama

Tanzania haina upungufu wa maandiko dhidi ya rushwa ya ngono. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza kosa la unyanyasaji wa kijinsia katika Kanuni ya Adhabu. Miaka tisa baadaye, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kilitamka kwamba mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo, haki au upendeleo wowote ametenda kosa, na kikaweka faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Vyuo navyo vina sera zao, na tangu mwaka 2021 wizara yenye dhamana ya jinsia imehimiza kufunguliwa kwa madawati ya jinsia katika taasisi za elimu ya juu na ya kati. Pamoja na yote hayo, utafiti wa Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU) wa mwaka 2020 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma ulionyesha kuwa tatizo lingalipo. Ninachodai katika makala haya ni kwamba kasoro haiko katika ukali wa sheria wala uchache wa madawati. Nyenzo zote hizi humsubiri mwanafunzi aliyeumizwa aseme kwanza, ilhali utaratibu wetu wa kutoa alama umempa kila sababu ya kunyamaza.

Tuutazame utaratibu huo kwa karibu. Katika kozi nyingi za shahada ya kwanza mhadhiri mmoja ndiye anayefundisha, anayetunga maswali, anayesahihisha na anayeingiza matokeo kwenye mfumo. Mtihani wa mwisho wa muhula una kinga kidogo, kwa kuwa mtahiniwa huandika namba badala ya jina na mtahini wa nje huweza kupitia baadhi ya karatasi. Lakini tathmini endelevu, ambayo mara nyingi hubeba alama 40 kati ya 100, hufanyika kwa majina: jaribio la darasani, kazi ya kikundi, uwasilishaji mbele ya wenzake. Hapo msahihishaji anamjua anayemsahihisha, na hakuna jicho la pili. Mwanafunzi anayejua kwamba alama chache zinatenganisha kufaulu na kusapu (kurudia mtihani), na kwamba kusapu masomo kadhaa kunaweza kumfikisha kwenye kudisco (kuachishwa masomo), anafanya hesabu ambayo si ngumu kuielewa. Akidisco anapoteza nafasi ya masomo na mkopo wa Bodi ya Mikopo pia, na huko nyumbani pengine kuna wadogo zake wanaomsubiri amalize ili naye awasomeshe. Katika shahada za juu hali ni ngumu zaidi. Msimamizi wa tasnifu ndiye anayesema kazi iko tayari au haiko tayari, naye anaweza kukaa na sura moja miezi mingi bila kuulizwa na mtu. Kuchelewesha hakuachi alama ya kosa popote. Kunafanana kabisa na umakini wa kitaaluma.

Tulinganishe sasa hesabu hiyo na kile ambacho sheria inamtaka mwanafunzi afanye. Kosa la kifungu cha 25 hutendeka faraghani, kwa maneno ya mafumbo, mara nyingi bila shahidi. Ndiyo maana TAKUKURU hutegemea mtego: mlalamikaji huendelea na mawasiliano, hukubali miadi, na maofisa humkamata mtuhumiwa mahali pa tukio. Mbinu hiyo imewafikisha wahadhiri mahakamani na siipuuzi. Lakini tujiulize inamdai nini binti wa miaka 20. Inamdai aende kwenye chumba kile kile anachokiogopa, akiamini kwamba wanaomlinda hawatachelewa, kisha arudi darasani akae mbele ya wafanyakazi wenza wa aliyekamatwa. Mfumo unaohitaji ushujaa wa namna hiyo kwa kila kesi utapata kesi chache, na uchache huo utatumiwa kama ushahidi kwamba tatizo ni dogo.

Njia ya ndani ya chuo nayo haijengi imani zaidi. Malalamiko hupita kwa mkuu wa idara, kwa amidi au rasi wa ndaki, na kwa kamati ambazo wajumbe wake ni wahadhiri wanaokaa kikao kimoja na mlalamikiwa kujadili kupanda vyeo. Waswahili wangesema kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani. Mwaka 2018, Rais John Magufuli alipokwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, kuzindua maktaba mpya, Dkt. Vicensia Shule, mhadhiri wa chuo hicho, aliandika kwenye mtandao wa Twitter kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni na kwamba angetamani kumweleza Rais jambo hilo. Kilichofuata ni yeye kuitwa mbele ya kamati ya maadili. Kama mwenye ajira, shahada ya uzamivu na jina linalojulikana hujikuta anajieleza kwa kusema, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atajifunza nini? Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, nako kulikuwa na sera dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia tangu mwaka 2006, lakini mwaka huo huo wa 2018 Makamu Mkuu wa Chuo alilazimika kuunda kamati maalumu chini ya Profesa Sylvia Tamale kuchunguza tatizo hilo hilo. Miaka 12 ya sera nzuri haikuondoa haja ya uchunguzi.

Hali hii haiwakabili wanafunzi peke yao. Mhadhiri msaidizi anayesubiri barua ya mapendekezo, au mfanyakazi wa mkataba anayesubiri mkataba mpya, yumo katika utegemezi wa aina ile ile. Angalau yeye ana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo inauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa namna ya ubaguzi. Mwanafunzi si mfanyakazi, kwa hiyo mlango huo kwake umefungwa. Wanaosahaulika zaidi ni wanafunzi wenye ulemavu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimepokea wasioona tangu miaka ya 1970, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazuia ubaguzi katika elimu. Lakini mwanafunzi kiziwi anayetaka kulalamika anahitaji mkalimani wa lugha ya alama, na mkalimani huyo anaweza kuwa mwajiriwa wa kitengo anachokilalamikia. Asiyeona humtegemea mtu wa kumsomea fomu ya malalamiko. Siri inakwisha kabla shauri halijafunguliwa. Ujumuishi usiofikia mlango wa malalamiko umeishia kwenye usajili tu.

Kwa hiyo hatua za kwanza ziwe za kitaaluma, nazo ziko ndani ya uwezo wa Seneti ya chuo. Kazi za tathmini endelevu zinazoandikwa zisahihishwe kwa namba kama mitihani ya mwisho. Kazi ya kila mwanafunzi anayefeli kwa alama chache isahihishwe upya na mtu wa pili bila kuomba wala kulipia, ili kuomba kwenyewe kusiwe tangazo la uadui. Tasnifu iwe na wasimamizi wawili, na kubadilisha msimamizi kusihitaji maelezo. Shauri likifunguliwa, mlalamikiwa aondolewe mara moja kwenye kusahihisha kazi za mlalamikaji, bila kuhukumiwa kwa lolote. Na chombo cha kusikiliza mashauri kiwe nje ya ndaki husika, kikiwa na wajumbe wasio wafanyakazi wa chuo.

Wapo watakaosema hatua hizi zinamdhania kila mhadhiri kuwa mkosaji. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama tungeifuata kwingine. Chuo hakimruhusu mhasibu mmoja kuidhinisha, kulipa na kukagua malipo yale yale, na hakuna mhasibu anayeona ametukanwa. Tena hatua hizi humlinda mhadhiri mwadilifu kuliko mtu yeyote: anayesingiziwa kwamba alimfelisha mwanafunzi kwa chuki atakuwa na alama za msahihishaji wa pili za kumtetea. Leo hana kitu ila neno lake.

Pingamizi la pili husemwa zaidi kwenye korido kuliko kwenye makala: kwamba wanafunzi ndio wanaowatega wahadhiri. Mwaka 2024 wazo hili lilifika hadi kwenye muswada uliotaka anayetoa rushwa ya ngono naye ashtakiwe, na mashirika ya kutetea haki za wanawake yakaupinga, kwa sababu aliyelazimishwa angegeuka mshitakiwa siku anayoripoti. Yalikuwa na haki kupinga. Anayemiliki alama ndiye mwenye kuziuza. Alama zikiwa na wamiliki wawili wasiomjua mtahiniwa, mwanafunzi mwenye nia mbaya hana wa kumtega.

Gharama ni hoja ya kweli. Darasa la wanafunzi 600 halisahihishwi mara mbili kirahisi na idara yenye walimu wachache. Lakini sipendekezi karatasi zote zisahihishwe upya. Napendekeza zile za mpakani, na namba badala ya majina haina gharama kubwa kwa chuo ambacho tayari kinasajili na kutoa matokeo kwa kompyuta.

Itabaki kweli kwamba si kila madhara hutoka kwa mwenye alama. Februari 1990, Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale Mlimani, alijiua baada ya kuandamwa na wanafunzi wenzake waliojificha nyuma ya mabango ya kundi la siri lililoitwa Punch. Mabango hayo yalikuwa yameachwa kwa miaka mingi kama desturi ya chuo, na waandishi wake hawakujulikana. Kwa madhara ya namna hiyo tunahitaji madawati, washauri nasaha na mabweni salama. Lakini hata pale chuo kilikuwa kimekubali mpangilio uliowapa baadhi uwezo wa kuumiza bila kuwajibika, na kikauvumilia hadi mtu akafa.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania hukagua vyuo kabla ya kuvipa ithibati: maktaba, maabara, sifa za wahadhiri. Iongeze katika orodha hiyo namna alama zinavyotolewa na nani anasikiliza malalamiko, na chuo kisichoweza kuonyesha hayo kisipewe ithibati.