Kamera ya mjomba na betri ya zebaki

Mjomba wangu wa Embu alinipa kamera yake ya zamani, Yashica Electro 35. Aina hii ilitoka Japani mwaka 1966. Ukichungulia kwenye kidirisha unaona mtu mmoja mara mbili. Unazungusha lenzi mpaka picha zinaungana, basi umelenga. Leica walikuwa na mtindo huo tangu 1932. Jipya la Yashica lilikuwa saketi: wewe unachagua upana wa tundu la lenzi, yenyewe inaamua mwanga uingie kwa muda gani.

Saketi ilitaka betri ya zebaki ya volti 5.6, ambayo haitengenezwi tena. Bila betri, kamera hupiga kwa sekunde 1/500 tu. Mimi sikujua. Nilienda nayo Meru kwa nyanya. Picha za nje, kwenye mibuni juani, zilitoka safi. Zile za nyanya akiwa jikoni zilitoka nyeusi tupu, naye alifariki kabla sijarudi.

Sasa natumia betri ya volti 6, na saketi inaikubali.

Wenzangu waandishi wa programu, kila kitu tunachokitegemea kitakosekana siku moja. Yashica waliacha angalau 1/500. Programu zangu nyingi haziachi hata hiyo.