Kumi Kasoro Moja

Halmashauri ikitangaza nafasi za kazi, huandika hivi: Mtendaji wa Kijiji Daraja la III, Dereva Daraja la II. Msomaji wa Kayanga au Rubwera hazisomi III na II kama herufi. Anasema "la tatu", "la pili", na kuendelea. Ndivyo Kiswahili kilivyozipokea namba za Kirumi: kwetu hazihesabu, zinapanga. Hakuna anayenunua ndizi mikungu VII, lakini darasa la VII lipo. Ndiyo maana anayeajiriwa Daraja la III hupandishwa kwenda la II, na hakuna anayeshangaa namba kupungua huku cheo kikipanda.

Katika matokeo ya Kidato cha IV safu hiyo inakatika. Madaraja ni I, II, III, IV, kisha 0. Warumi hawakuwa na alama ya sifuri, kwa hiyo aliyekosa daraja anaandikiwa tarakimu ya ukoo mwingine kabisa, iliyozaliwa India ikatufikia kwa Waarabu, pamoja na neno lenyewe.

Wafalme nao wamepangwa. Rumanyika Orugundu, Omukama wa Karagwe aliyewapokea wasafiri wa Kizungu Speke na Grant huko Bweranyange mwaka 1861, alikuwa Rumanyika tu. Vitabu vinamwita Rumanyika I kwa sababu baadaye alitawala Rumanyika mwingine; mtu hawi wa kwanza mpaka apatikane wa pili. Jina Ntare lina mtihani mkubwa zaidi. Lilitawala Karagwe, Nkore na Burundi, na kila kasri ina hesabu yake. Ntare V wa Nkore alifariki mwaka 1895. Ntare V wa Burundi alipinduliwa mwaka 1966. Ukiandika "Ntare V" bila kutaja nchi, hujamtaja mtu.

Sasa kugeuza namba kuwa za Kirumi. Herufi ni saba: I ni moja, V tano, X kumi, L hamsini, C mia, D mia tano, M elfu. Vunja namba yako kwa elfu, mia, makumi na mamoja, uandike kila fungu peke yake. Mwaka wa Speke, 1861: elfu ni M, mia nane ni mia tano na mia tatu, DCCC, sitini ni LX, moja ni I. MDCCCLXI. Mwaka wa Uhuru, 1961, ni miaka mia kamili mbele yake, lakini maandishi yanafupika: MCMLXI. Siri iko kwenye CM.

Darasani kanuni hiyo hufundishwa kwa maneno mazito: herufi yenye thamani ndogo ikitangulia yenye thamani kubwa, toa ndogo katika kubwa. Mtoto anakariri, kesho anachanganya IV na VI. Na neno linalofaa analo mdomoni tangu alipojifunza saa: kasoro. Anayesema "saa tatu kasorobo" ameshaielewa IX. Ni kumi kasoro moja. IV ni tano kasoro moja, XL hamsini kasoro kumi, CM elfu kasoro mia. Kutoa ni kazi ya kufanya. Kasoro ni hali unayoiona, kwamba kitu kimekaribia kutimia.

Tahadhari moja. Kiswahili kinaruhusu mia kasoro moja, Kirumi hakiruhusu IC. I hupunguza V na X tu, X hupunguza L na C, C hupunguza D na M. Kwa hiyo 99 huvunjwa kwanza: tisini ni mia kasoro kumi, XC, tisa ni kumi kasoro moja, IX. Jumla XCIX.

Mwalimu wa Hisabati, na wewe mwandishi wa vitabu vya kiada, liingizeni neno kasoro kwenye somo. Ni istilahi kamili, na hakuna mtoto atakayehitaji kufafanuliwa maana yake.